Taa ya Reli: Jiko la Frankfurt na Njia Iliyofika Afrika Mashariki

Januari 1926, msanifu majengo Margarete Lihotzky alihama Vienna akaenda Frankfurt, Ujerumani, kuanza kazi katika idara ya ujenzi ya jiji. Mwezi huohuo alitimiza miaka 29. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa Austria kusomea usanifu wa majengo. Alikuwa pia amefanya kazi na msanifu Adolf Loos katika mpango wa kuwajengea nyumba watu walioachwa bila makazi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ndiyo kwanza apone kifua kikuu kilichompata mwaka 1924. Kitu alichokosa ni uzoefu wa jikoni. Mwenyewe alisimulia uzeeni, waziwazi kabisa, kwamba hadi alipochora jiko lililompa jina duniani hakuwa amewahi kuendesha nyumba wala kupika. Vienna alipikiwa na mama yake, na Frankfurt alikula mikahawani.

Wapo wanaolitumia jambo hili kumdharau. Mimi naliona kuwa ndiyo siri ya kazi yake. Aliyezaliwa na kukulia jikoni huzoea moshi, giza na kuinama, akaviona kuwa ndivyo mambo yalivyo. Lihotzky hakuwa amezoea lolote, kwa hiyo alipomwangalia mwanamke akipika aliuliza maswali ambayo mhandisi huuliza kiwandani: mkono huu unakwenda wapi, unarudi mara ngapi, na macho yanaona nini?

Aliyemwita Frankfurt ni Ernst May, mzaliwa wa jiji hilo, aliyekabidhiwa mwaka 1925 jukumu la kupanga na kujenga. Hali ilikuwa mbaya. Wakati wa vita ujenzi ulikuwa umesimama, na mwaka 1923 fedha ya Ujerumani ilikuwa imeporomoka hadi watu wakabeba noti kwa kikapu kwenda kununua mkate. Familia za wafanyakazi zilibanana katika nyumba za kupanga zisizoona jua. May na wenzake walianzisha mpango walioupa jina la Frankfurt Mpya, na kufikia mwaka 1930 walikuwa wamejenga makazi yapatayo 12,000 pembezoni mwa jiji: Praunheim, Höhenblick, Römerstadt na kwingineko. Nyumba zilikuwa ndogo, za paa bapa, na zilipangwa ili kila familia ipate jua na hewa. Ndani ya nyumba hizo jiko lilipaswa kubuniwa upya, maana nafasi haikuwepo ya kuliacha lilivyokuwa.

Jiko la zamani la mfanyakazi wa Kijerumani lilikuwa chumba cha kila kitu. Hapo ndipo familia ilipopika, ikala, ikafua, ikaogesha watoto Jumamosi, na mara nyingi ndipo baadhi yao walipolala, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye moto wakati wa baridi. Jiko la makaa ya mawe lilitema masizi yaliyoganda ukutani. Dirisha, kama lilikuwepo, lilitazama uani penye kuta nyingine ndefu. Anayejua jiko la kuni la kwetu, lenye dari nyeusi inayong'aa kwa lami ya moshi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Frankfurt, hata hivyo, ilikuwa na deni la heshima kwa mwanga. Mwaka 1891 jiji hilo liliandaa maonyesho ya umeme, na hapo umeme uliozalishwa kwa nguvu ya maji huko Lauffen, kwenye mto Neckar, ulisafirishwa kwa waya umbali wa kilomita zipatazo 175 hadi uwanja wa maonyesho, ukawasha balbu zipatazo 1,000 na kusukuma maji ya maporomoko yaliyotengenezwa kwa mikono. Dunia iliona kwamba umeme unaweza kuzalishwa mbali na kutumiwa mbali. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mwanga ule kutoka uwanjani hadi kufika juu ya ubao wa kukatia vitunguu wa mke wa mfanyakazi. Nusu hii ya pili ya safari ndiyo inayonigusa zaidi.

Lihotzky alianza kwa kusoma. Kutoka Marekani alikuwa amekipata kitabu cha Christine Frederick cha mwaka 1913 kuhusu uendeshaji mpya wa nyumba, kilichokuwa kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Irene Witte. Frederick alichukua mbinu za Frederick Winslow Taylor, yule aliyewapima wafanyakazi wa viwandani kwa saa ya sekunde, akaziingiza jikoni: hatua ngapi kutoka sinki hadi jiko, mara ngapi mtu anainama bila sababu. Lihotzky naye akashika saa. Alipima kazi moja baada ya nyingine, akachora mistari ya nyayo kwenye ramani za majiko. Katika jiko la zamani mistari ilikuwa imevurugika kama uzi uliochezewa na paka.

Mfano wake mwingine aliupata kwenye treni. Jiko la behewa la chakula lilikuwa finyu kupita kiasi, lakini wapishi wawili waliweza kuwalisha abiria wengi kwa sababu kila kitu kilikuwa mkononi. Akauliza: kama inawezekana relini, kwa nini isiwezekane nyumbani?

Jiko alilolitoa lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unakaribia kugusa pande zote mbili. Upande mmoja kuna jiko la kupikia na mlango wa kusukuma kando unaofunguka sebuleni, ili chakula kifike mezani kwa hatua chache na mama aweze kuwatupia jicho watoto huku akikoroga. Upande wa pili kuna sinki, rafu ya kukaushia sahani na makabati. Mwisho kabisa, chini ya dirisha, kuna meza ya kazi, na mbele yake stuli ya kuzunguka. Mpishi wa Frankfurt aliruhusiwa kukaa. Kwenye meza hiyo kulikuwa na droo ya kukusanyia maganda: unamenya viazi, unasukuma taka kwa ukingo wa kisu, zinaanguka ndani. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani.

Kabati la vyakula vikavu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Lilikuwa na vidroo vya aluminiamu, kila kimoja kikiwa na mkono wa kushikia na mdomo wa kumiminia kama wa birika, na jina la kilichomo limeandikwa mbele: sukari, mchele, dengu, chumvi. Unavuta, unamimina moja kwa moja kwenye sufuria, unarudisha. Lakini unga haukuwekwa kwenye aluminiamu. Uliwekwa kwenye droo ya mti wa mwaloni, kwa kuwa mwaloni una asili ya kuwafukuza wadudu wa unga. Sehemu za kukatia zikawa za mbao nyingine ngumu, isiyoshika madoa wala kuchimbika haraka kwa kisu. Palikuwa pia na sanduku la kuivishia: chungu kikishachemka kinafungiwa humo, nacho kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Akina mama wa Kenya na Tanzania wanaofunika sufuria ya maharage ndani ya kikapu kilichosheheni vitambaa wanaifahamu hekima hiyo.

Rangi nayo ilikuwa na kazi yake. Makabati ya majiko ya awali yalipakwa buluu, wakati mwingine ikielekea kijani. Sababu aliyoitoa Lihotzky ni kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Frankfurt walikuwa wamegundua nzi hawapendi kutua kwenye rangi ya buluu. Majokofu yalikuwa bado anasa, nyama na maziwa vilikaa wazi, na nzi alikuwa adui wa kweli wa mtoto mchanga. Rangi ikachaguliwa kwa faida ya anayekula. Kwa bahati njema buluu ile ilikuwa pia nzuri kuitazama, tulivu, na ilipendeza pembeni ya aluminiamu iliyong'arishwa. Majiko yaliyofuata yalipata rangi nyingine pia, lakini ile buluu ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu.

Sasa taa. Mchana meza ya kazi ilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo mwanga uliingia kwa mbele na kuangukia mikono. Kwa usiku, Lihotzky aliweka taa ya dari inayotembea kwenye reli. Ukiosha vyombo unaivuta iwe juu ya sinki. Ukihamia kwenye jiko, inakufuata. Leo inaonekana jambo dogo. Lakini ingia katika jiko la nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, Mombasa au Kampala baada ya magharibi uone balbu iko wapi. Iko katikati ya dari, moja, inaning'inia. Meza, sinki na jiko vimepangwa ukutani. Maana yake ni kwamba mpishi anapogeukia kazi yake, taa inakuwa nyuma ya kichwa chake, na kivuli chake mwenyewe kinaangukia ubao wa kukatia. Anakata nyama gizani huku chumba kikiwa kimejaa mwanga.

Ushahidi mwingine uko mlangoni. Mama anayetaka kuchambua mchele hauchambulii jikoni. Anachukua ungo, anatoka barazani au anakaa kizingitini, kwa sababu ndani haoni kijiwe. Tumeliona hili tangu utotoni tukadhani ni desturi ya kupunga upepo. Kwa sehemu ni hivyo, lakini kwa sehemu kubwa ni lawama kwa aliyejenga nyumba.

Majiko ya aina hii yapatayo 10,000 yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt. Mwaka 1927 jiko hilo lilionyeshwa kwa umma katika maonyesho ya nyumba mpya, na mpiga picha Paul Wolff alilitengenezea filamu fupi. Katika mtaa wa Römerstadt, uliojengwa kati ya 1927 na 1929, May alikwenda mbali zaidi: ulikuwa mtaa wa kwanza Ujerumani kutegemea umeme kikamilifu, pamoja na majiko ya kupikia. Makaa ya mawe yakaondoka na masizi yakaondoka nayo.

Wenye nyumba hawakushangilia wote. Wapangaji wa Römerstadt walinung'unikia gharama ya umeme, na ukweli ni kwamba kodi ya nyumba hizi nzuri iliwashinda wengi wa wafanyakazi maskini waliokusudiwa. Wengine walilalamika kwamba jiko ni finyu, kabati la bibi haliingii, meza ya chakula haiingii. Malalamiko makubwa zaidi yalikuja miaka mingi baadaye, kutoka kwa wanawake wenyewe: jiko la mtu mmoja linamfungia mwanamke peke yake. Zamani jikoni palikuwa na mama mkwe, watoto, jirani aliyekuja kuazima chumvi. Sasa pana stuli moja.

Nakubaliana na lawama hiyo nusu. Lihotzky alitaka kumpunguzia mwanamke saa za kazi ili apate muda wa kusoma, kufanya kazi ya mshahara na kupumzika, na kwa hilo alikuwa mwaminifu. Lakini mahesabu ya hatua na sekunde hayana mahali pa kuhesabu mazungumzo. Jiko la uani la nyumba ya Kiswahili lingeshindwa vibaya katika kipimo cha saa yake. Kinu kiko pembeni, mbuzi ya kukunia nazi inataka nafasi ya mtu kukaa chini na kutanua miguu, mmoja anakuna, mwingine anakamua tui, wa tatu anapepea mkaa. Hatua zinapotea kila dakika. Hata hivyo mwanga wa uani ni wa jua lenyewe, moshi unapanda mbinguni, na hakuna aliye peke yake. Nyumba za ghorofa zilipotuletea jiko la ndani zilituchukulia vyote vitatu kwa mpigo, na mara nyingi hazikurudisha hata kimoja.

Mwaka 1930 mdororo wa uchumi ulikuwa umekausha fedha za ujenzi. May, Lihotzky, ambaye sasa alikuwa Schütte-Lihotzky baada ya kuolewa na msanifu mwenzake Wilhelm Schütte, na kundi la wataalamu wakaenda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Hapo ndipo njia zao zilipoachana, na njia ya mmoja ilielekea kwetu.

May hakuweza kurudi Ujerumani ya Hitler, maana alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1934 alifika Tanganyika, akawa mkulima wa kahawa karibu na Arusha. Mwaka 1937 alifungua ofisi ya usanifu Nairobi. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Waingereza walimweka kizuizini kama raia wa nchi adui, na alipoachiliwa akarudi kwenye michoro. Mikono yake ilichora majengo ambayo watu wetu wameyapita bila kujua: hoteli ya Oceanic ya Mombasa, iliyopindwa ipokee bahari na upepo wake, Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kampala, majengo ya jumuiya ya Ismailia Kisumu. Kati ya 1945 na 1947 alichora mpango wa kupanua Kampala kuelekea Kololo na Naguru. Alibuni pia nyumba ya vipande vya zege vya kuunganisha, kwa ajili ya familia za Kiafrika.

Hapa historia inauma. Frankfurt, May alikuwa mtu wa usawa, aliyetaka mke wa fundi chuma apate dirisha sawa na mke wa mwenye benki. Kampala alipanga mji wa mkoloni, wenye mitaa iliyogawanywa kwa rangi za watu. Na katika nyumba za walowezi za enzi ile, jiko lilikuwa nyuma, mara nyingi limetengwa kabisa na nyumba, na mpishi alikuwa mwanamume wa Kiafrika aliyepika chakula asichokila, kwenye jiko la kuni, kwa mwanga wa taa ya chemli. Hakuna saa ya sekunde iliyopima hatua zake kutoka jikoni hadi chumba cha chakula huku ameshika bakuli la supu. Wazo la kwamba anayepika anastahili kuona vizuri lilivuka bahari ndani ya kichwa cha mtu aliyelisimamia, kisha halikushushwa melini. May aliondoka Nairobi mwishoni mwa 1953, akaendelea na kazi Ujerumani hadi alipofariki mwaka 1970.

Schütte-Lihotzky alipita njia ngumu zaidi. Mwaka 1938 alikwenda Istanbul, na huko akajiunga na Waaustria waliokuwa wakipinga Unazi. Desemba 1940 alirudi Vienna kwa siri kusaidia mtandao wa upinzani, na tarehe 22 Januari 1941 akakamatwa na polisi wa siri. Wenzake kadhaa waliuawa. Yeye alihukumiwa kifungo cha miaka 15, akakaa gereza la Aichach huko Bavaria hadi majeshi ya Marekani yalipolifungua mwisho wa Aprili 1945. Austria ya baada ya vita haikumpa kazi nyingi za umma, kwa sababu alibaki mkomunisti. Mwaka 1988 alikataa nishani ya taifa kwa kuwa ingetolewa na Rais Kurt Waldheim, ambaye historia yake ya wakati wa vita ilikuwa imezua maswali; aliipokea mwaka 1992, Waldheim alipokuwa ameondoka madarakani. Alifariki tarehe 18 Januari 2000, akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 103. Katika maisha hayo yote watu waliendelea kumwuliza habari za jiko, na alikasirika wazi kwamba shule za chekechea, nyumba na gereza vyote vimesahauliwa kwa ajili ya chumba cha mita mbili.

Majiko yenyewe yaling'olewa moja baada ya jingine baada ya vita, wapangaji walipotaka jokofu na makabati mapya. Machache yaliokolewa. Moja, lililotoka mtaa wa Ginnheim-Höhenblick, liko New York katika jumba la makumbusho la MoMA. Vienna, jumba la makumbusho la MAK lilijenga upya nakala kamili, mwenyewe akiwa bado hai wa kutoa ushauri. Na Römerstadt ipo nyumba iliyorejeshwa kama ilivyokuwa, pamoja na jiko lake.

Makabati ya ukutani yanayouzwa leo Kariakoo na Nairobi, yenye meza ya kazi iliyonyooka kutoka sinki hadi jiko la gesi, yametokana na mchoro ule. Kilichopotea njiani ni taa na sababu ya rangi. Watu wanachagua nyeupe inayometameta au nyeusi ya picha walizoziona kwenye simu, na mwezi wa pili mafuta ya kukaangia samaki yanaonyesha kila alama ya kidole. Wazee waliopaka kuta za jiko rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua, kisha chokaa juu, walikuwa karibu zaidi na Frankfurt: chini panafutika kwa kitambaa, juu panarudisha mwanga.

Anayejenga sasa ana nafasi ambayo Lihotzky hakuwa nayo. Mkanda wa LED ukibandikwa chini ya makabati ya juu, kwenye ukingo wa mbele, unaangazia meza bila kivuli cha mtu, na unatumia umeme kidogo. Akinunua balbu asome namba iliyoandikwa na herufi K. Nyingi za madukani ni 6500, mwanga mweupe wa kuelekea buluu unaofanya nyama mbichi na nyanya zionekane zimefifia. 2700 ni wa njano kama wa jioni, na 4000 uko katikati, unaoonyesha rangi ya chakula bila kuumiza macho. Na kabla fundi umeme hajachimba ukuta, mwenye kupika humo aitwe, asimame mahali ubao wa kukatia utakapokaa, aonyeshe kwa mkono taa anaitaka wapi.